Walatino na Vyuo vya Marekani: Tunabishania Mlango Usio Wao

Tarehe 10 Septemba 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kusitisha ruzuku za takriban dola milioni 350 zilizotengwa kwa vyuo vyenye wanafunzi wengi wa jamii za wachache. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ya vyuo vinavyohudumia Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Amerika ya Kati na nchi nyingine za bara hilo. Hoja ya serikali ilikuwa fupi: mpango unaomtaka mpokeaji awe na kiwango fulani cha wanafunzi wa asili fulani ni ubaguzi, na katiba haiuruhusu. Habari hiyo ilipotufikia sisi tunaofuatilia mambo ya Marekani kwa Kiswahili, ilifungwa furushi moja na hukumu ya Mahakama ya Juu ya Juni 2023, ile iliyopiga marufuku kuitazama rangi ya mwombaji wakati wa udahili, baada ya kikundi kimoja kukishtaki chuo kikuu mashuhuri cha Harvard. Tukaambiwa huu ni mwendelezo tu: juzi Harvard, leo wengine. Walioshangilia walishangilia kwa sababu hiyo, na waliolalamika walilalamika kwa sababu hiyo hiyo.

Naona pande zote mbili zimeusoma vibaya uamuzi huu. Ruzuku zilizokatwa hazikuwahi kumpa Mlatino hata mmoja nafasi ya masomo aliyonyimwa mtu mwingine. Hazikuhusu udahili kabisa. Zilikwenda kwa vyuo, na kwa sehemu kubwa vyuo maskini, ili vijenge maabara, viajiri washauri wa masomo, vinunue vitabu na kufundisha wahadhiri wao. Mwanafunzi yeyote aliyeingia kwenye maabara hiyo, awe mweusi, mzungu, Mvietnam au mtoto wa mkimbizi kutoka Bukavu, aliitumia. Kwa miaka mingi mjadala wa Walatino na elimu ya juu umesimama kwenye lango la vyuo vichache mashuhuri, ukihesabu nani kaingia na nani kaachwa. Msimamo wangu ni kwamba kwa jamii hii suala la leo liko kwingine: liko ndani ya vyuo vya kawaida ambako mamilioni yao tayari wameingia, na ambako wengi mno wanatoka bila shahada. Anayetaka kuongeza uwakilishi wao lazima aanzie hapo, na uamuzi wa Septemba umepiga hapo hapo.

Tuangalie kwanza safari yenyewe, kwa sababu ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Sensa ya 2020 ilihesabu Walatino milioni 62.1, karibu mtu mmoja kati ya watano nchini. Wengi wao ni wazaliwa wa Marekani, jambo linalosahaulika kila mazungumzo yanapogeukia uhamiaji. Mwaka 2000 takriban asilimia 28 ya vijana wa Kilatino wenye umri wa miaka 16 hadi 24 walikuwa nje ya shule bila cheti cha sekondari. Kufikia 2020 kiwango hicho kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 8. Katika kipindi hicho hicho Walatino waliosoma shahada ya kwanza na stashahada waliongezeka kutoka karibu milioni 1.5 hadi zaidi ya milioni 3.5. Ni vigumu kukuta jamii kubwa ya nchi tajiri iliyopiga hatua ya namna hiyo ndani ya miaka 20. Hata hivyo ukiwachukua watu wazima wa miaka 25 na kuendelea, takriban asilimia 21 tu ya Walatino wana shahada, wakati kwa wazungu ni karibu asilimia 42. Sehemu ya pengo hilo ni urithi wa wazee waliokuja wakubwa, wakiwa na elimu ya msingi tu kutoka Meksiko au El Salvador. Sehemu nyingine ni ya vijana walioingia chuoni juzi na kuondoka mikono mitupu, na hiyo ndiyo inayopaswa kutuumiza kichwa.

Wanaondoka kwa nini? Jibu linaanza na wanakosomea. Walatino hujiandikisha kwa wingi, kuliko wazungu, katika vyuo vya jamii, yaani vile vya miaka miwili ambavyo ada yake ni nafuu, viko karibu na nyumbani, na humpokea karibu kila mwenye cheti cha sekondari. Wengi huingia huko wakikusudia kuhamia chuo kikuu baada ya miaka miwili na kupata shahada. Kwa nchi nzima, kati ya wanaoanza katika vyuo hivi, ni kama mmoja kati ya sita tu anayekuwa na shahada baada ya miaka sita. Niliwahi kukaa darasa moja na kijana wa aina hii, katika chuo cha Texas ambacho sitakitaja. Alikuwa hodari wa hesabu kutushinda sote. Usiku alipanga bidhaa ghalani, asubuhi alimpeleka mama yake kliniki na kumtafsiria, mchana alikuja darasani. Muhula wa tatu gari lake liliharibika, akakosa wiki mbili, akabaki na deni dogo la ada lililomzuia kujisajili tena. Hakufeli somo hata moja. Katika takwimu za chuo aliandikwa kwamba ameacha masomo, na hakuna mtu ofisini aliyempigia simu kumuuliza kulikoni.

Habari ya kijana yule ndiyo iliyonifanya nisome kwa makini sheria ya ruzuku zilizositishwa kwa tangazo la Septemba. Mwaka 1986, mjini San Antonio, viongozi wa vyuo waliunda umoja wa vyuo vya Walatino unaojulikana kwa ufupisho wake, HACU. Hoja yao ilikuwa kwamba vyuo vichache vinabeba wanafunzi wengi wa jamii hii huku vikipata fedha kidogo kwa kila kichwa. Mwaka 1992 Bunge la Marekani likakubali kuvitambua vyuo hivyo kisheria: chuo ambacho angalau asilimia 25 ya wanafunzi wake wa shahada ya kwanza ni Walatino. Mwaka 1998 kikaundwa kifungu maalumu cha ruzuku. Ila asilimia 25 peke yake haikutosha kupata fedha. Chuo kilitakiwa pia kuwa na wanafunzi wengi wenye uhitaji, na kiwe kinatumia fedha kidogo kwa kila mwanafunzi kikilinganishwa na vyuo vya aina yake, isipokuwa kipewe msamaha. Baada ya hapo kilishindana kwa maombi. Leo vyuo vinavyofikia kiwango hicho ni takriban 600, na thuluthi mbili hivi ya Walatino wote wanaosoma shahada ya kwanza au stashahada wako humo. Kwa hiyo anayezungumzia Walatino katika elimu ya juu, anazungumzia vyuo hivi, apende asipende.

Ili kuelewa kwa nini fedha zilihitajika, nenda mpakani mwa Texas na Meksiko. Mwaka 1987 wakazi na jumuiya za Wamarekani wenye asili ya Meksiko waliishtaki serikali ya jimbo, wakidai kwamba mikoa ya mpakani imenyimwa elimu ya juu. Takwimu zilizofikishwa mahakamani zilikuwa za kutisha. Karibu asilimia 20 ya watu wa Texas waliishi eneo hilo, lakini vyuo vikuu vyake vilipata kama asilimia 10 tu ya fedha za umma za vyuo vikuu. Kati ya programu za uzamivu zipatazo 590 za jimbo zima, tatu tu ndizo zilizokuwa huko. Mahakama ya mwanzo iliwapa ushindi, na mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya Texas ikaubatilisha. Hata hivyo, kesi ikiwa bado inaendelea, Bunge la jimbo lilikuwa limeanza kupeleka fedha kusini, na mwaka huo wa 1993 likaunda chuo cha jamii cha McAllen kwa ajili ya kaunti za Hidalgo na Starr, ambazo hazikuwa nacho. Mwaka 2013 likapitisha sheria ya kuunganisha vyuo viwili vya Bonde la Rio Grande kuwa chuo kikuu kimoja, na kukiwezesha kunufaika na mfuko wa kudumu wa vyuo, ule uliotajirishwa na visima vya mafuta vya magharibi mwa Texas. Kabla ya hapo chuo kikubwa cha bonde hilo, Pan American, hakikugusa mfuko huo. Mafuta yalianza kutoka katika ardhi hizo mwaka 1923. Vijana wa bondeni wakasubiri miaka 90.

Ndiyo maana nasita mtu anaponiambia kwamba fedha za kuelekezwa kwa vyuo hivi ni upendeleo. Ramani ya vyuo maskini vya kusini mwa Texas haikuchorwa na soko huria. Ilichorwa kwa maamuzi ya bajeti, mwaka baada ya mwaka, na watu waliojua vizuri nani anaishi wapi. Na fedha zilipofika, kazi ilionekana. Chuo Kikuu cha Texas cha El Paso kilianzishwa mwaka 1914 kama shule ya madini. Kwa miaka 31, kuanzia 1988 hadi 2019, kiliongozwa na Diana Natalicio, mwanamke aliyekataa ushauri kwamba ili chuo kiheshimike lazima kiwakatae wanafunzi wengi. Aliendelea kuwapokea watoto wa mjini kwake, wengi wao wa kwanza katika familia kufika chuo, huku akijenga maabara na programu za uzamivu. Kufikia 2019 chuo kikaingia daraja la juu kabisa la vyuo vya utafiti nchini, kikiwa na wanafunzi ambao zaidi ya asilimia 80 ni Walatino. El Paso ni kielelezo kwamba chuo kinaweza kukua kitafiti bila kufunga milango, ilimradi kuna fedha za kutosha na kiongozi anayekaa muda wa kutosha.

Sasa nije kwa wapinzani, na niwape haki yao, kwa maana hoja yao bora si ya kupuuzwa. Juni 2025 jimbo la Tennessee, likiwa pamoja na kikundi kile kile kilichoishinda Harvard, liliishtaki Wizara ya Elimu. Lilisema vyuo vyake vya umma vinafundisha Walatino maskini pia, lakini kwa kuwa havifiki asilimia 25 havipati chochote. Mlatino maskini wa Tennessee ana kosa gani kuliko mwenzake wa Texas? Mwezi uliofuata, wanasheria wa serikali kuu wakaliambia Bunge kwamba hawataitetea sheria hiyo mahakamani, na HACU ikaomba iingie kesini kuitetea. Swali la Tennessee ni zuri. Kizingiti chochote kina mtu anayebaki nje kwa nywele moja, na hiki kinahesabu asili ya watu, jambo ambalo mahakama za Marekani sasa zinalitazama kwa jicho kali. Naongeza udhaifu mwingine ambao hata marafiki wa mpango huu wamekuwa wakiusema kwa miaka: kuwa na wanafunzi Walatino robo ya chuo hakuna maana kwamba chuo kinawahudumia. Vipo vyuo vilivyovuka kizingiti kwa sababu tu mji uliovizunguka ulibadilika. Vikachukua jina, vikaomba ruzuku, na viwango vya kuhitimu vya wanafunzi hao vikabaki pale pale. Sheria haikuwahi kuuliza wangapi wamemaliza.

Lakini kutoka kwenye udhaifu huo hadi kufuta fedha hizo ni mruko mkubwa. Kama tatizo ni kwamba Tennessee imeachwa, dawa ni kuuongeza mpango uifikie Tennessee. Kama tatizo ni neno Mlatino ndani ya kizingiti, Bunge linaweza kuandika upya masharti kwa kutumia umaskini wa wanafunzi na udogo wa matumizi ya chuo, vigezo ambavyo tayari vimo ndani ya sheria hiyo hiyo. Kilichofanyika ni kuzima taa ya nyumba nzima kwa sababu balbu moja imeungua. Na siku chache baadaye serikali ikatangaza nyongeza ya mara moja ya dola milioni 495 kwa vyuo vya kihistoria vya weusi na vya makabila ya asili. Vyuo hivyo vinazistahili, na zaidi. Vya weusi vinatambuliwa kwa historia yao, kwamba vilianzishwa kabla ya 1964 kwa lengo la kuwasomesha weusi waliofungiwa kwingine, si kwa idadi ya vichwa vya leo. Kisheria hiyo ni tofauti ya kweli. Kisiasa, hata hivyo, jamii mbili ambazo watoto wao mara nyingi wanakaa dawati moja zimewekwa kuutazamana mfuko mmoja, na nahuzunika kuona baadhi ya waandishi wetu wakilichochea jambo hilo kana kwamba ni mechi.

Kuna hoja ya pili, ya kitaaluma zaidi: kwamba kumpeleka kijana katika chuo kigumu kuliko maandalizi yake kunamdhuru, hivyo ni heri asome chuo cha ngazi yake. Hii imepimwa California. Mwaka 1996 wapiga kura wa jimbo hilo walipitisha marufuku ya kuitazama asili ya mwombaji katika vyuo vya umma. Mtafiti wa uchumi Zachary Bleemer alifuatilia kumbukumbu za waombaji wa kabla na baada ya hapo. Kama hoja ingekuwa kweli, Walatino na weusi walioshushwa kutoka Berkeley na Los Angeles, kampasi mashuhuri za Chuo Kikuu cha California, kwenda vyuo vya chini wangefanya vizuri zaidi. Aliona kinyume: walihitimu kwa kiwango kidogo, na mishahara yao kati ya miaka 24 na 34 ilipungua kwa takriban asilimia 5 kwa mwaka, hasa kwa Walatino. Chuo chenye rasilimali kilikuwa kikiwafaa. Watetezi wa marufuku hujibu, nao wana ukweli fulani, kwamba mwaka 2020 Walatino walikuwa kwa mara ya kwanza kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa Wakalifonia waliokubaliwa kuanza mwaka wa kwanza katika mfumo wa Chuo Kikuu cha California, wakifika asilimia 36. Lakini katika shule za jimbo hilo zaidi ya nusu ya watoto ni Walatino, na kufika hapo kuligharimu. Chuo chenyewe kiliiambia Mahakama ya Juu kwamba kimetumia zaidi ya dola nusu bilioni tangu 2004 kutafuta njia zisizotazama asili. Njia hizo zipo. Hakuna iliyo ya bure.

Matokeo haya yana jambo la kujifunza ambalo watu wa kambi yangu hawapendi kulisikia. Ikiwa rasilimali za chuo ndizo zinazomwinua mwanafunzi, basi kuhangaikia nafasi za Harvard pekee ni hesabu ndogo. Sisemi hazina maana. Sehemu ya Walatino katika mwaka wa kwanza wa MIT, chuo mashuhuri cha teknolojia, ilishuka kutoka asilimia 16 hadi 11 baada ya hukumu ya 2023, na hilo ni pigo, kwa kuwa nchi hiyo huwatoa majaji, maseneta na wakuu wa mashirika yake katika kapu dogo la vyuo. Ila mwaka wa kwanza wa MIT una wanafunzi kama elfu moja na mia moja. Asilimia 5 yake ni watu hamsini na kitu, wanaojaa basi moja. Tunazungumza juu ya jamii yenye zaidi ya wanafunzi milioni tatu na nusu. Magazeti yaliandika makala nyingi juu ya basi lile kuliko juu ya mfumo mzima wa vyuo vya jamii.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya utamaduni: kwamba familia za Kilatino hazithamini elimu, mtoto hutakiwa kazini mapema, na kwa hiyo fedha za umma hazitabadilisha kitu. Hii husemwa kwa sauti ya upole, na huko kwetu nimeisikia ikisemwa juu ya Wamaasai na juu ya watu wa pwani, karibu kwa maneno yale yale. Haisimami mbele ya takwimu nilizozitaja mwanzo. Utamaduni hauwezi kuwa ulibadilika ghafla kati ya 2000 na 2020 ili watoto wabaki shuleni, kisha ukarudi wanapovuka lango la chuo. Kilichobadilika baada ya lango ni gharama, nauli, zamu za kazi, na fomu. Kuhusu kazi za mapema, tusiziite uzembe. Kijana anayelipa nusu ya kodi ya nyumba ya wazazi wake anaithamini familia, na elimu anaitaka vilevile, lakini siku ina saa 24.

Ushahidi wa namna ya kuwamalizisha upo, tena wa nguvu. Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha katika vyuo vyake vya jamii mpango unaoitwa ASAP. Mwanafunzi anatakiwa kusoma muda wote. Nacho chuo kinamlipia pengo la ada linalobaki baada ya misaada mingine, kinampa kadi ya usafiri wa treni na basi, vitabu, na mshauri wa masomo mwenye wanafunzi wachache kiasi cha kumjua kwa jina na kumpigia simu akipotea. Watafiti waliwagawa wanafunzi kwa bahati nasibu, wengine ndani ya mpango na wengine nje. Baada ya miaka mitatu asilimia 40 ya walio ndani walikuwa wamehitimu, na asilimia 22 ya walio nje. Ni karibu mara mbili. Mpango ulipojaribiwa Ohio, matokeo yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Kwa kila mwanafunzi uligharimu zaidi, lakini kwa kila mhitimu uligharimu pungufu, kwa sababu fedha za wanaoishia njiani ni fedha zilizomwagika. Nikisoma orodha ya alivyopewa mwanafunzi wa New York namkumbuka mwenzangu wa ghalani. Kadi ya nauli na simu moja, basi.

California nayo ilionyesha kwamba mambo mengine yanahitaji kuondoa zaidi ya kuongeza. Kwa miongo mingi vyuo vyake vya jamii viliwapa wanafunzi wapya mtihani, na wengi, Walatino na weusi kwa wingi zaidi, walirudishwa kwenye hesabu na Kiingereza cha maandalizi, masomo yanayolipiwa lakini yasiyohesabiwa kwenye shahada. Wengine walikaa humo muhula baada ya muhula mpaka wakakata tamaa. Sheria ya 2017 ikaagiza kuwa alama za sekondari zitumike kumpangia mwanafunzi darasa, na aingie moja kwa moja kwenye somo la kiwango cha chuo akiwa na msaada pembeni. Idadi ya wanaofaulu hesabu hizo katika mwaka wa kwanza ikapanda sana. Kumbe wengi waliweza tangu mwanzo. Walichokosa ni ruhusa ya kujaribu. Wapo walimu wa hesabu wanaolalamika, kwa haki, kwamba baadhi ya wanafunzi bado wanazama, na kwao msaada wa pembeni lazima uwe wa kweli, wenye mwalimu na saa. Hapo tunarudi kwenye fedha, na kwenye kitu kilekile ambacho ruzuku za Septemba zilikuwa zikikilipia.

Tena kuna wahadhiri. Walatino ni kama asilimia 6 tu ya wahadhiri wa kudumu wa Marekani. Programu za uzamivu huchukua wanafunzi kutoka vyuo vya utafiti, na vyuo vya utafiti huchukua wachache kutoka vyuo vya jamii, kwa hiyo upungufu wa chini unajizalisha juu. Kubandika picha za nyuso mbalimbali kwenye kijitabu cha chuo hakugusi mnyororo huu.

Lipo pia fungu la wanafunzi ambao sheria yenyewe inawafukuza. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyotoka Texas, kwamba mtoto asiye na hati za ukaazi ana haki ya shule ya umma. Uamuzi ule uliishia sekondari. Mwaka 2001 Texas, chini ya gavana wa chama cha Republican, ikawa jimbo la kwanza kuwaruhusu vijana hawa waliokulia humo kulipa ada ya mkazi badala ya ada ya mgeni, ambayo mara nyingi ni maradufu au zaidi. Tarehe 4 Juni 2025 serikali kuu iliishtaki Texas kwa sheria hiyo, na siku hiyo hiyo jimbo likakubali ifutwe. Miaka 24 ya sera ikazikwa ndani ya siku moja, bila shahidi hata mmoja kusikilizwa. Hata wenye uraia kamili hawakusalimika na misukosuko: fomu mpya ya msaada wa masomo ilipozinduliwa mwishoni mwa 2023, wanafunzi raia ambao wazazi wao hawana namba ya hifadhi ya jamii walikwama kwa miezi wakishindwa kuikamilisha. Mtu anayeandika kwamba Walatino hawajitumi angepaswa kwanza akae na familia moja usiku mmoja akiijaza fomu ile.

Kwa wasomaji wetu walioko Dallas, Houston au Phoenix, haya hayako mbali. Watoto wa Wakongo na Warundi waliohamishiwa Marekani kama wakimbizi wanasoma katika vyuo hivi hivi, kwa sababu zile zile za ada na nauli, na wengi wao nao ni wa kwanza katika ukoo kufika hapo. Mshauri wa masomo aliyeajiriwa kwa ruzuku ya vyuo vya Walatino hakuwa akiuliza jina la ukoo kabla ya kufungua mlango wa ofisi yake. Mkataba wake ukiisha, unawaishia wote.

Kinachofuata kiko mikononi mwa Bunge zaidi ya mahakama. Wakati wa tangazo la Septemba 2025 kulikuwa na fungu la takriban dola milioni 132 ambalo sheria iliilazimisha wizara kulitoa, na wizara ilisema ingelitoa, ila ingeendelea kulichunguza kisheria. Wabunge wanaotaka kuokoa kilichobaki wanaweza kukiandika upya kifungu hicho ili kizingiti kiwe ni idadi ya wanafunzi wanaopata ruzuku ya Pell, ile ya watu wa kipato cha chini, pamoja na udogo wa matumizi ya chuo kwa kila mwanafunzi. Vyuo vya Bonde la Rio Grande, vya Bronx jijini New York na vya bonde la kati la California vingeendelea kustahili karibu vyote, na baadhi ya vya Tennessee vingeingia. Ningetaka kiongezwe kitu ambacho sheria ya 1992 haikukiweka: kila chuo kinachopokea fedha kitangaze hadharani, kila mwaka, ni wanafunzi wangapi wamehitimu na wangapi wamehamia chuo kikuu, kwa mchanganuo wa asili zao. Kutoa fedha bila kutazama asili ni jambo ambalo naweza kuishi nalo. Kuacha kuhesabu siwezi kukubali, kwa sababu siku takwimu hizo zitakapofutwa, kijana wa Texas aliyekwama kwa deni dogo ataandikwa tena kuwa ameacha masomo, na safari hii hatutaweza hata kujua wako wangapi kama yeye.